Mtoto ameshajua kuogelea, klabu ni ya nini tena?

Mama Zai (Tegeta)

Habari za jioni wazazi wenzangu. Naomba ushauri kwa walio na watoto kwenye klabu za kuogelea hapa Dar.

Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Kuogelea amejifunzia shuleni, wanapelekwa bwawani mara moja kwa wiki, na sasa anavuka mita 25 bila boya wala kushika ukuta. Mwalimu wake aliniita pembeni akaniambia mtoto anakaa vizuri majini, nimtafutie timu. Nimeulizia klabu moja huku Mbezi Beach: laki na nusu kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, mbili jioni saa kumi na Jumamosi asubuhi saa moja. Hapo bado kofia, miwani na nguo ya mashindano.

Baba Zai anasema mtoto ameshajua kuogelea, hela yote hiyo ni ya nini tena? Halafu mwaka huu ana mtihani wa taifa wa darasa la nne. Bibi yake naye kashasema mabega yatatanuka awe kama mwanamume, na jua la bwawani litambabua. Mimi mwenyewe sijui kuogelea, kwa hiyo nashindwa kuwajibu. Zai analala na klabu, anaamka na klabu. Kwenye timu kuna nini ambacho hakipati akienda na binamu zake bwawa la hoteli wikiendi?

Baba Wawili (Ukonga)

Dada, mimi niko upande wa shemeji. Wangu aliingia klabu akiwa na miaka minane, akatoka kabla mwaka haujaisha. Kocha alikuwa anafoka mbele ya watoto wote, na kila mwezi kulikuwa na mchango mpya: fulana, usafiri, kingilio cha mashindano. Mtoto akaanza kuumwa tumbo kila siku ya mazoezi. Sasa anacheza mpira mtaani na ana furaha. Kujua kuogelea ni lazima, hilo sipingi. Timu ni anasa.

Mpima Saa (Upanga)

Mama Zai, pokea salamu, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mimi nina wawili kwenye klabu, mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo darasa la tano. Siku za mashindano wazazi tunaombwa kusaidia, na kazi yangu ni kukaa mwisho wa leni, yaani njia ya mwogeleaji bwawani, na saa mkononi kupima muda. Nitakujibu kwa ninayoyaona nikiwa kwenye kile kiti.

Nianze na hoja ya Baba Zai, maana ndiyo nzito. Mtoto anayevuka mita 25 kwenye maji meupe, ukuta anauona mbele yake, amejua kuvuka bwawa. Hiyo ni hatua kubwa na mpongezeni. Lakini mpelekeni kilindini, mwambieni akae hapohapo wima, asishike kitu, apige miguu na kuchezesha mikono huku anaongea na nyinyi kwa dakika tatu. Halafu aogelee kwa mgongo hadi upande wa pili. Halafu arudi. Wengi waliohitimu masomo ya kuogelea hapo ndipo wanapoishia, na hilo si kosa lao. Masomo yana mwisho wake: mwalimu akiona mtoto amevuka, anamchukua mwingine aliye kwenye foleni.

Baada ya hapo anabaki na hoteli na binamu. Nami nawapeleka wangu hotelini, wanafurahi sana, ila nikuambie ukweli, hotelini haogelei mtu. Wanaruka, wanarushiana maji, wanatoka kula chipsi. Mwaka ukipita mkono wake uko vilevile, pumzi ileile. Kwenye klabu mtoto wa miaka tisa au kumi anamaliza mita elfu moja hadi elfu moja na mia tano kwa kipindi kimoja, yaani kwenye bwawa la mita 25 anavuka mara arobaini mpaka sitini. Mwambie afanye hivyo peke yake uone kama atafika kumi. Anafika kwa sababu mbele yake kuna miguu ya mwenzake na nyuma yake kuna mwingine anakuja.

Hilo ndilo jibu langu lote, mengine ni maelezo yake: timu inampa mtoto sababu ya kurudi majini siku ambayo hajisikii kurudi. Na kuogelea kunakoweza kumwokoa mtu siku mashua imepinduka kunatokana na siku hizo.

Sasa nenda ukaangalie leni moja ina watoto sita. Wanazunguka, wanakwenda upande mmoja wa leni na kurudi upande mwingine, wasigongane. Anatoka wa kwanza, baada ya sekunde kumi anatoka wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Ukitaka kumpita aliye mbele unamgusa mguu, naye akifika ukutani anajisogeza kwenye kona akupishe. Hakuna mtu mzima anayesimamia kila mguso. Mwanangu mdogo nyumbani alikuwa hawezi kusubiri hata zamu ya rimoti bila kupiga kelele. Leni ilimfundisha, na aliyemfundisha hasa ni binti mmoja wa miaka kumi na moja aliyekuwa anaongoza ile leni. Alikuwa anamwambia tu, "Hesabu kumi, usitoke saba." Ningesema mimi asingesikia.

Halafu ile saa kubwa ya ukutani. Kocha anawaambia, "Mita mia, tunatoka kila dakika mbili na nusu." Mtoto akifika anatazama mshale, anajua ametumia dakika mbili na sekunde nane, kwa hiyo ana sekunde ishirini na mbili za kupumua. Wanafanya hesabu hizo wakihema, tena kwa sitini sitini, ambazo darasani ziliwatoa machozi. Ndiyo maana sioni kama klabu inagombana na mtihani wa darasa la nne. Siku ya mazoezi wangu wanafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, wanakula, wanafanya kazi ya shule, saa tatu wamelala bila kubembelezwa. Shida ipo kwenye foleni ya barabarani. Hiyo ya Bagamoyo unaijua mwenyewe, kwa hiyo kabla ya kulipa pima muda wa kutoka shuleni hadi bwawani siku ya kazi. Usipime Jumapili.

Kuhusu mashindano wengi wanaogopa wakidhani ni kushinda au kuaibika. Gala, yaani siku ya mashindano, inaendeshwa hivi: watoto wanapangwa kwa umri, na ndani ya umri kwa muda waliowahi kuogelea. Wasio na muda na wenye kasi ndogo wanaanza, wenye kasi wanaogelea mwisho. Kwa hiyo Zai hatashindanishwa na bingwa siku ya kwanza, atakuwa na wenzake. Watamwandikia mkononi kwa kalamu namba ya mbio, kundi na leni, basi atajiona mtu mkubwa! Mimi na wenzangu wawili tunapima leni moja, kila mmoja na saa yake, na zikitofautiana zote tatu tunachukua ya katikati. Kisha muda wake unaandikwa, na tangu siku hiyo ni wake. Safari nyingine anashindana na ule muda. Nimeshuhudia mtoto akimaliza wa mwisho kwenye kundi lake, ananichungulia kwenye saa, nikimwambia amepunguza sekunde nne anatoka majini anakimbia kwa mama yake kama aliyechukua kombe. Wa kwanza wa kundi hilohilo yuko pembeni amenuna kwa kuwa hakupunguza kitu.

Na mbio za kupokezana, jamani. Zile za mitindo minne anaanza wa mgongo, anafuata wa chura, kisha kipepeo, wa mwisho mtindo huru. Watoto wote wanapenda mtindo huru kwa kuwa una kasi, lakini timu bila mtu wa chura si timu. Klabuni kwetu kuna kijana mnene kidogo, mtindo huru unamshinda, ila miguu yake ya chura ni ya ajabu. Kila gala makocha wanamtafuta yeye kwanza. Safari moja aligusa ukuta kwa mkono mmoja badala ya yote miwili kwa pamoja, na kwa mtindo wa chura hilo ni kosa, timu nzima ikaondolewa. Alilia. Wenzake watatu wakakaa naye kwenye ngazi mpaka akanyamaza, na wiki iliyofuata wote wanne walikuwa wanafanya mazoezi ya kugusa ukuta kwa mikono miwili, pamoja na wale ambao mtindo wao hauwadai hivyo. Tukio hilo nililitazama kwa macho yangu na ndilo lililonifanya niendelee kulipa ada hata miezi ambayo mfuko ulikuwa mkavu.

Mabega sasa. Bibi mwambie asiwe na wasiwasi. Wanawake wenye mabega mapana anaowaona kwenye televisheni wanaogelea karibu kila siku kwa miaka mingi, pamoja na mazoezi ya uzito, na wengi walizaliwa na maumbile hayo ndiyo maana wakafika pale. Siku tatu kwa wiki kwa mtoto wa miaka tisa zitampa pumzi, mgongo ulionyooka na hamu ya kula. Jua ni kweli, hasa kama bwawa halina paa. Wangu wanavaa blauzi ya kuogelea ya mikono mirefu siku za mazoezi, inatosha.

Baba Wawili, pole kwa yaliyomkuta mwanao, na sikubishii. Klabu ya namna hiyo ni ya kuondoka. Ila sitaki Mama Zai aione timu kuwa anasa kwa sababu ya kocha mmoja. Dada, kabla ya kulipa omba siku moja ya majaribio ukae uangalie. Tazama kama kocha anashuka usawa wa mtoto anapomrekebisha au anapiga kelele akiwa kwenye kiti. Tazama kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu, hana simu mkononi. Uliza nani anaingia vyumba vya kubadilishia nguo, na kocha anaruhusiwa kubaki peke yake na mtoto? Jibu liwe hapana, bila maelezo marefu. Tazama sakafu ya kilindini: usipoiona vizuri, ondoka. Harufu kali ya klorini nayo isikudanganye kwamba ni usafi, mara nyingi ni dalili kwamba klorini imekutana na jasho na mkojo na maji yanahitaji kushughulikiwa. Na omba orodha ya michango yote ya mwaka kwa maandishi. Ada ya mwezi kila mtu anakutajia, yanayoumiza ni yale mengine.

Mwana wa Kirumba (Mwanza)

Nimesoma nikiwa kimya, lakini hii ya kwamba timu ni anasa imenifanya niandike. Sisi wa Mwanza tumekulia ukingoni mwa ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama nilikuwa mtoto, na mtaani kwetu msiba haukuwa wa nyumba moja. Mwaka 2018 tukazika tena, MV Nyerere kule Ukara. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, wengi walikwama ndani ya vyombo. Nasema tu kwamba watu wanaoishi na maji hawana haki ya kuuita ujuzi huu mambo ya matajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu laki tatu walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Shida yetu huku ni mahali. Ziwani ukingoni kuna kichocho, mabwawa ni ya hoteli na shule chache za kulipia. Wazazi kadhaa tumekubaliana na hoteli moja tunalipia muda wa saa mbili kila Jumamosi asubuhi, watoto kumi na tano, kijana mmoja aliyesomea uokoaji anawafundisha. Hatuna jina wala fulana. Mpima Saa, hiyo nayo ni timu?

Mpima Saa (Upanga)

Ni timu, ndugu yangu, kabisa. Klabu nyingi huanza hivyohivyo. Wagawe leni kwa uwezo wao, umri uache, tafuteni saa moja yenye mshale mkubwa waiegemeze ukutani, na daftari la muda wa kila mtoto. Tundikeni kamba ya vibendera mita tano kabla ya ukuta kila upande ili wanaoogelea kwa mgongo wahesabu mikono na wasijigonge kichwa. Mkifika hapo andikeni barua kwa Chama cha Kuogelea Tanzania mjue taratibu za usajili, maana watoto wakikua watahitaji muda unaotambulika. Tazama Paris 2024, Tanzania ilipeleka waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Na jirani zetu Wakenya walikuwa na Jason Dunford, kijana wa Nairobi, ambaye Beijing 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, kisha akawa wa tano fainali. Rekodi ile haikudumu, iliondoka kwenye michezo ileile, lakini iliwekwa na mtu wa ukanda wetu.

Ummu Salma (Unguja)

Asalaam alaykum. Mama Zai hajauliza, lakini wapo wasomaji watakaojiuliza kuhusu sitara. Binti yangu yuko kwenye kundi la wasichana, mwalimu ni mwanamke, wanavaa nguo ndefu za kuogelea zenye kofia yake. Huku kwetu njia ilifunguliwa na mradi wa Panje kule Nungwi, uliowafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri. Mwanzoni wazee hawakupenda. Leo mama yangu, aliyekuwa mkali kuliko wote, ndiye anayemkumbusha mjukuu wake siku ya mazoezi. Muulize kocha mapema kuhusu nguo anazoruhusu kwenye mazoezi na mashindano. Kitambaa kiwe cha kuogelea, pamba inanyonya maji na kumvuta mtoto chini.

Baba Wawili (Ukonga)

Mpima Saa, nimekusoma yote. Yale maswali ya kumwuliza kocha ndiyo hasa ambayo kwetu hakuna aliyeyauliza. Neno anasa naliondoa. Bado nasema mtoto akiumwa tumbo kila siku ya mazoezi, asikilizwe.

Mpima Saa (Upanga)

Hapo tuko pamoja, asikilizwe siku hiyohiyo. Mtoto anayependa timu yake atalalamika maji ya baridi, hatalalamika tumbo.

Mama Zai (Tegeta)

Ahsanteni sana. Nimempa Baba Zai simu asome mwenyewe, kasoma kimya hadi mwisho, kisha akauliza, "Hiyo Jumamosi ya majaribio ni lini?" Tumekubaliana twende wote wiki hii. Ada tutalipa mwezi mmoja mmoja kwanza, na Oktoba mtihani ukikaribia atapunguza siku moja ya jioni.

Swali la mwisho. Zai amesukwa rasta ndefu juzi tu, bibi yake kamlipia. Kofia za kawaida hazimwingii. Nimfumue?

Mpima Saa (Upanga)

Usimfumue! Zipo kofia kubwa za nywele za kwetu. Mwaka 2021 shirikisho la dunia, wakati huo likiitwa FINA, lilizikataa zile za Soul Cap kabla ya Olimpiki ya Tokyo, watu wakapiga kelele, mwaka uliofuata zikakubaliwa. Kwa mazoezi hakuna atakayemkatalia. Ukiikosa dukani, siku ya kwanza mfunge rasta kisogoni, fundo liwe chini karibu na shingo, kisha mvalishe kofia ya kitambaa cha kunyumbuka, inavumilia kuliko ya mpira.

Kabla hajaingia mlowanishe nywele kwa maji ya bomba na umpake mafuta ya nazi kidogo. Nywele zikishajaa maji safi hazinyonyi sana ya bwawani. Akitoka asuuzwe hapohapo, msisubiri mpaka nyumbani.

Miwani usinunue kwa rangi. Ibandike machoni bila kupitisha mpira kichwani, ikishika yenyewe kidogo kabla ya kudondoka, hiyo ni ya uso wake. Nguo ya mashindano iache kabisa kwa sasa, ya mazoezi inatosha hadi gala ya kwanza. Na Jumamosi asubuhi apate chai na kipande cha mkate mapema, chapati na maharage vimsubiri akirudi.

Mama Zai (Tegeta)

Bibi atashukuru kuliko wote. Kofia ya kitambaa nimeiona Kariakoo, kesho naifuata.